Vidonge Saba vya Kahawia

Pakiti ya vidonge vya majira haizidi kiganja cha mkono. Ndani yake mna vidonge 28, vimepangwa mistari minne, saba saba. Mistari mitatu ni ya homoni. Wa nne, ambao katika pakiti nyingi ni wa rangi ya kahawia, hauna homoni hata chembe: ni madini ya chuma, yamewekwa ili mama asipoteze mazoea ya kumeza kila siku wakati yuko kwenye siku zake. Kina mama wa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, wameelezwa hayo kliniki mara nyingi mpaka wanaweza kumfundisha nesi mgeni. Lakini yuko mnunuzi mwingine wa pakiti hiyo hiyo, ambaye kliniki hakwenda, hakuelezwa, na dukani haulizi kitu kwa kuwa akiuliza naye ataulizwa. Husema anamnunulia dada yake. Akishajifungia chumbani humeza viwili viwili, pengine vinne, na akifika mstari wa mwisho humeza chuma kwa bidii ile ile, akingoja matiti yaote.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mnunuzi huyo. Si mtu mmoja mwenye jina na nyumba yake mtaa fulani. Ni mteja ambaye wauza dawa na wahudumu wa afya wamekutana naye Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, na hakuna sababu ya kudhani kwamba anaishia majijini. Alizaliwa akaandikwa mvulana, akatiwa jandoni pamoja na wenzake, lakini tangu ajitambue anajiona mwanamke. Yuko pia wa upande wa pili, aliyechezwa unyago huku moyoni akijijua ni mwanamume. Wenyewe siku hizi hujiita transi, neno la kuazima ambalo limekuja kwa sababu maneno ya nyumbani yana miiba.

Maana Kiswahili hakijakosa maneno. Pwani wanalo mke-si-mume, la zamani, na mlio wake ni wa kusutana. Wanalo hanithi, lililovuka bahari kutoka Uarabuni. Mwanaanthropolojia Unni Wikan alilikuta Sohar, Oman, akaliandikia makala mwaka 1977. Wanalo shoga, ambalo bibi wa Tanga bado anamwitia rafikiye wa kike bila kupepesa macho, wakati mjukuu wake akilisikia anataka kupigana. Na wanalo huntha, la vitabu vya dini, ambalo ndilo lenye heshima kuliko yote. Aliyekaa madrasa mpaka akafika mlango wa mirathi anakumbuka huntha mushkili, mtu ambaye maumbile yake hayakubainika, na jinsi mafakihi walivyokaa chini kumkatia fungu lake asidhulumiwe.

Huntha na transi si mtu mmoja, na kwa hospitali tofauti hiyo ni kubwa. Huntha ana jambo mwilini linaloweza kuonekana tangu utotoni. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa kijijini Handeni anaandikiwa rufaa, anapelekwa hospitali ya Bombo pale Tanga, na ikibidi KCMC ya Moshi au Muhimbili, ambako wapo wapasuaji wa watoto wanaolijua jambo lake. Mama yake atalia, majirani watanong'ona, lakini njia ipo na ina karatasi. Transi mwili wake hauna kasoro ya kumwonyesha daktari. Anachosema ni kwamba mwili huo na yeye haviendi pamoja, na kwa maneno hayo hakuna fomu ya rufaa.

Takwimu nazo zinampita. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, kila mmoja ama me ama ke. Kenya, katika sensa yake ya 2019, iliweka kisanduku cha tatu kwa watu wenye jinsi tata, ikapata 1,524. Hao ni huntha. Transi hata huko hakuwekewa chake.

Turudi dukani. Mojawapo ya homoni zilizomo ndani ya vidonge vya majira huitwa etinilestradioli, na katika pakiti za kawaida kila kidonge kina mikrogramu 30. Kwa mwanamke asiyetaka mimba kiasi hicho kinatosha. Kwa mtu anayetaka mwili wake ugeuke ni kidogo, ndiyo maana anazidisha, na ndipo hatari inapoingia. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, bonge likakatika, likapanda mapafuni. Madaktari wa Amsterdam, wenye mojawapo ya kliniki kubwa za kazi hii barani Ulaya, waliyaona hayo kwa wagonjwa wao wenyewe katika miaka ya 1980 na 1990: walioganda damu walikuwa wengi kupita kiasi, na kidole kikanyooshewa homoni hiyo. Wakaiacha. Wakahamia estradioli, ile inayofanana na homoni ya mwili wenyewe, hasa ya kubandika kwenye ngozi. Somo hilo lina zaidi ya miaka 20 sasa. Halijafika kwenye kaunta ya duka la dawa, wala mtu asimlaumu mwenye duka, kwa kuwa haambiwi vidonge ni vya nani.

Dawa ya pili ni spironolaktoni. Mzee mwenye moyo uliotanuka anaijua kama kidonge cha kutoa maji. Miguu iliyovimba inapungua, anaweza kuvaa viatu tena. Kidonge hicho hicho huzima nguvu ya homoni ya kiume, na ndicho ambacho kliniki nyingi duniani huwapa wanawake transi. Kina tabia ya kupandisha potasiamu katika damu, na potasiamu ikizidi mno mapigo ya moyo huparaganyika. Daktari anayekitoa hupima damu kabla na baada. Anayekinunua kwa jina la baba yake hapimi. Kwa mwanamume transi dawa ni sindano ya testosteroni, iliyotengenezwa kwa wanaume ambao korodani zao hazifanyi kazi vizuri. Ikizidi, damu huwa nzito, na ndiyo maana mtumiaji hupimwa wingi wa damu mara kwa mara.

Kwa hiyo hakuna dawa ya ajabu hapa. Kila moja ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye hakuna anayemshangaa: mama wa uzazi wa mpango, mgonjwa wa moyo, bibi aliyekoma hedhi, mwanamume mwenye upungufu. Linapotajwa suala la kubadili jinsia, watu hurukia kisu. Wanauliza nani atakatwa nini na kwa fedha za nani. Wakati huo huo mtu tayari ana miezi minane anameza, na alichohitaji ni chupa mbili ndogo za damu na tabibu wa kumwambia, punguza, utakufa.

Na Korogwe si mji wa kuambiwa haujui maabara. Pana Hospitali ya Magunga, na pana kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa majaribio ya mwisho kuanzia 2009, katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto 15,459, Korogwe ilikuwa kimoja cha vituo hivyo. Damu za watoto wa hapo zilichangia ushahidi uliotumiwa na Shirika la Afya Duniani kuipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Kupima ini, figo na wingi wa damu kwa mtu mzima mmoja si kazi ya kuwashinda watu wa namna hiyo.

Kinachoshinda ni dirisha la mapokezi.

Kiswahili kimejaliwa jambo moja ambalo lugha nyingi za Ulaya hazina: “yeye” haulizi jinsia. Mtu anaweza kusimuliwa asubuhi hadi jioni, amekuja, amekaa, anaumwa, bila mtu kujua ni mwanamume au mwanamke. Dirishani bahati hiyo inaisha. Karani anauliza jina, umri, jinsia, unatoka wapi. Jina kwenye kadi ya NIDA, kitambulisho cha taifa, ni la kiume. Aliyesimama amefunga kilemba na sauti yake ni laini. Karani anatazama kadi, anatazama uso, anarudia kadi. Halafu anaita jina hilo kwa sauti, benchi zima linageuka, na mmoja kati ya waliogeuka ni mpangaji wa nyumba ya jirani. Wilaya ni ndogo. Habari itafika nyumbani kabla ya daladala.

Jina mtu anaweza kulibadilisha kisheria, kwa hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Herufi ya jinsia haina njia kama hiyo. Hakuna sheria ya Tanzania inayotaja namna ya kuibadilisha. Basi hata mwenye jina jipya anarudi dirishani na herufi ile ile, ubishi unaanza upya.

Halafu kuna hofu ya sheria nyingine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kimwili “kinyume cha maumbile” kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Kifungu kinazungumzia tendo. Hakitaji mavazi wala homoni. Lakini mtu aliyevaa gauni na ana kadi ya kiume hasubiri mwanasheria amfafanulie. Anaona ngazi za hospitali, anaona askari wa getini, anageuza.

Hofu hiyo ilipata chakula kati ya 2016 na 2018. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa na miradi ya Ukimwi. Februari 2017 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, ambaye ni mwenyeji wa Tanga, alitangaza kusitishwa kwa huduma katika vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari kubwa ya maambukizi ya VVU. Oktoba mwaka huo polisi wa Dar es Salaam waliwakamata watu waliokuwa katika kikao cha kisheria kuhusu hatua hiyo, wakiwemo wanasheria kutoka Afrika Kusini ambao baadaye walifukuzwa nchini. Shirika lililokuwa mwenyeji, CHESA, likasimamishwa usajili. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akatangaza kamati ya kusaka mashoga, na Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba huo haukuwa msimamo wa serikali.

Hoja ya serikali wakati ule ilikuwa kwamba hospitali za umma zinahudumia kila mtu bila ubaguzi, hivyo vituo vya pembeni havina haja. Ni hoja nzuri ikichukuliwa kwa uzito wake. Maana yake ni kwamba Magunga, Hospitali ya Wilaya ya Handeni, na ya Mtakatifu Francis pale Kwamkono zinadaiwa huduma hiyo na kila anayefika. Tatizo ni kwamba vituo vya pembeni vilikuwa vimeondoa dirisha, na hospitali ya umma bado inalo. Human Rights Watch ilipowahoji wahusika na kutoa ripoti yake mwaka 2020, malalamiko mengi yalikuwa ya namna hiyo: kuhubiriwa chumba cha daktari, kuulizwa maswali yasiyohusu ugonjwa, kuitiwa wafanyakazi wengine waje kutazama.

Juu ya milima ya Usambara, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, ipo Lutindi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Mpaka leo wagonjwa wake wanalima na kuchuma chai. Inatajwa hapa kwa sababu kwa muda mrefu sana mahali pekee ambapo udaktari ulimpangia transi palikuwa ni sehemu kama Lutindi. Vitabu vya magonjwa viliiweka hali yake kwenye mlango wa akili. Shirika la Afya Duniani liliitoa humo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022; sasa iko kwenye mlango wa afya ya kujamiiana. Kwa ofisi za Geneva huko ni kuhamisha ukurasa. Kwa mtu wa Handeni ni tofauti kati ya kupelekwa kwa wenye wazimu na kupelekwa kliniki ya kawaida, na anayeijua Lutindi kwa jina tu, kama wazazi wengi wanavyoijua, anaelewa uzito wake.

Mlango huo wa akili, hata hivyo, ndio uliomfungulia njia Audrey Mbugua wa Kenya. Alisoma Chuo Kikuu cha Maseno masomo ya sayansi ya tiba, na mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Mathari, ya wagonjwa wa akili, Nairobi, wakathibitisha kwa maandishi kwamba hali yake inatambulika kitabibu. Akaanza homoni. Upasuaji uliotarajiwa kufanyika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ukazuiwa. Mtu mwingine angeishia kulalamika. Yeye alikwenda mahakamani, na si kwa ajili ya kisu. Alidai cheti chake cha kidato cha nne, alichopata mwaka 2001 kwa wastani wa A-, kiandikwe jina lake la sasa, kwa sababu kila alikoomba kazi aliambiwa cheti si chake. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Miezi michache kabla, Julai, Jaji George Odunga alikuwa ameamuru shirika lake la Transgender Education and Advocacy lisajiliwe.

Ajabu ya kesi ya cheti ni kwamba haikuhitaji sheria mpya. Jaji aliangalia kama cheti cha mtihani lazima kionyeshe jinsia, akaona si lazima. Alama za hesabu hazibadiliki kwa sababu mwenye nazo ni msichana.

Mahakama ya Eldoret ilipata kesi ngumu zaidi. Mwanamke transi aliyekamatwa mwaka 2019 alipelekwa hospitali akakaguliwa mwili kinyume cha ridhaa yake. Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi alimpa fidia ya shilingi milioni moja za Kenya na kuitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu wa hali yake. Hapo hospitali ilikuwa imegeuzwa chumba cha upelelezi. Mtu akishasikia habari kama hiyo mara moja, hata kama ilitokea nchi ya pili, hatavua shati mbele ya daktari kwa sababu ya jipu.

Uganda, Cleopatra Kambugu, mwanamke transi aliyefichuliwa na gazeti la udaku mwaka 2014, alilazimika kufuata upasuaji Thailand. Filamu ya The Pearl of Africa ya 2016 inamfuata safari hiyo, na mwaka 2021 alipata vitambulisho vya serikali vinavyomtambua kama mwanamke. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2003 ya kubadili jinsia kwenye kumbukumbu, na ina Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ambako foleni ya upasuaji imewahi kutajwa kuzidi miaka 20. Hayo yote ni mbali. Nauli ya Bangkok haizungumzwi Mkata, wilayani Handeni.

Kinachozungumzwa Handeni ni waganga. Nchi nzima inaijua wilaya hiyo kwa uganga. Mtu anatoka Mwanza kufuata mganga wa Kizigua. Kijana ambaye wazazi wake wameona mwendo wake hauwaridhishi hupelekwa huko kabla ya hospitali, atolewe jini la kike. Mganga hapimi potasiamu, lakini haiti jina kwa sauti mbele ya benchi, na jambo hilo wahudumu wa afya wangelitafakari badala ya kulicheka. Mkoa wa Tanga wenyewe una mfano. Ukimwi ulipokuwa ugonjwa wa kukimbiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari na waganga wa Tanga walikaa pamoja chini ya kikundi kilichoitwa Tanga AIDS Working Group, wakagawana kazi, wakawatembelea wagonjwa majumbani ambako ndugu walikuwa wamewatenga. Hakuna aliyesema kwamba kumtibu mgonjwa ni kuusifu ugonjwa wake au maisha yake.

Wanaoogopa kwamba dini itakuwa ukuta wangeshangaa kidogo. Mwaka 1988 mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar, Cairo, Sally Mursi, alifanyiwa upasuaji. Chuo kikamfukuza, taifa zima la Misri likabishana, na Mufti wa wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akatoa fatwa iliyorudisha neno kwa tabibu mwaminifu: kama anaona ni tiba ya lazima, ni tiba. Kama ni matamanio tu, haijuzu. Pande zote mbili zilijidai zimeshinda. Iran nayo, katika muongo huo huo, iliruhusu kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini. Masheikh wengi wa Afrika Mashariki hawakubaliani na hayo, na wana vitabu vyao. Lakini anayesema swali hilo lililetwa juzi na wafadhili wa Kizungu hajafungua vitabu hivyo.

Wafadhili wenyewe nao wamepungua. Marekani ilipozuia misaada yake Januari 2025, miradi ya VVU iliyokuwa na wahudumu rika waliojua kuzungumza na mteja huyu iliyumba nchi nyingi za Afrika. Mhudumu rika ndiye aliyekuwa anamwambia mtu kwamba ule mstari wa kahawia ni chuma.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami. Stendi ya Korogwe, mabasi ya Arusha na Dar es Salaam hupishana mchana kutwa, abiria wakinunua machungwa dirishani. Wengi wa watu wanaozungumzwa hapa huishia kupanda mojawapo la kwenda Dar, ambako hakuna anayemjua baba yao. Huko nako kuna hospitali, na hospitali ina dirisha, na karani atauliza yale yale manne: jina, umri, jinsia, unatoka wapi. La mwisho ndilo watakalolijibu bila kusita.